Maalim na Mlango wa Duka Langu

Ndugu msomaji, haya nitakayoyaeleza ni aibu yangu mwenyewe, na nimekaa nayo miezi mingi kabla ya kushika kalamu, kwa kuwa mtu hapendi kuanika uchafu wa nyumba yake uwanjani. Lakini wenzangu wenye maduka madogo ni wengi, na nawaona wakijenga ukuta uleule nilioujenga mimi, huku wakidhani wanafungua mlango.

Mimi ni muuza kanzu. Duka langu liko upande wa Kariakoo, mwendo wa dakika chache kutoka viwanja vya Mnazi Mmoja, nami nimelirithi kwa marehemu baba yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Tunauza kanzu, kofia, vikoi na mabaibui, na ikikaribia Ramadhani huongeza misala na tende. Nilipokuwa mtoto palikuwa na mtaro wa wazi mbele ya duka, na mzee mmoja mwenye mkongojo, mteja wetu, alikuwa akisimama ng'ambo ya mtaro na kuita. Baba alimletea nguo palepale mara mbili tatu, kisha siku moja akanunua ubao mpana, akaulaza juu ya mtaro. Mzee akavuka. Baada ya wiki, wenye mikokoteni wote wa mtaa ule walikuwa wakivukia kwetu, na kina mama wenye watoto mgongoni, na wapita njia ambao hawakuwa na haja ya kanzu hata kidogo, ila wakishafika mlangoni hutazama ndani. Baba alikuwa akicheka na kusema kuwa ubao ule ndio karani wake bora. Nilimsikia akisema hivyo mara nyingi, na hata hivyo sikujifunza kitu.

Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua usiku wa Julai 10, 2021, duka letu halikuguswa na moto, kwa kuwa haliko ndani ya jengo lile, lakini wateja waliokuwa wakija sokoni na kupitia kwetu walipungua. Mwanangu wa pili, aliyesomea mambo ya kompyuta, akanishauri tufungue duka katika mtandao wa intaneti, yaani tovuti, ili mtu wa Tanga au Mtwara aagize kanzu akiwa kwake. Nikakubali. Akaifanya kazi ile kwa bidii, na ikatoka tovuti nzuri ya kupendeza macho: picha kubwa za kanzu, maandishi membamba ya rangi ya kijivu juu ya nyeupe, na vidoti vya rangi kuonyesha saizi zilizopo na zilizokwisha. Nilijivuna nayo mno. Nikabandika ubao nje ya duka wa kuwaambia watu waagize huko, na kwa kuwa maagizo ya simu yalikuwa yakituletea mkanganyo wa saizi, tukaamua kwamba asiyefika dukani na aagize kwenye tovuti tu. Vijana wangu wa dukani nikawaamuru wasichukue agizo la simu.

Sasa nije kwa Maalim. Jina lake sitalitaja, kwa sababu hakuniruhusu wala sikumwomba. Tulisoma chuo pamoja kwa mwalimu mmoja, mimi nikaishia kwenye biashara, yeye akaendelea na elimu, na leo anasomesha watoto Kurani huko Bagamoyo. Miaka ya nyuma alipatwa na maradhi ya presha ya macho, yale yanayokula nuru kidogo kidogo bila maumivu, na alipokwenda hospitali ilikuwa imekwisha kuchelewa. Haoni kabisa. Lakini kila Shaabani alikuwa akipanda basi pamoja na mwanafunzi wake mmoja, akija dukani kununua kanzu za watoto waliohitimu. Nilikuwa nikimweka juu ya kiti, namwekea kitambaa mkononi, na kumweleza: hii ni pamba nzito, haitoboki haraka, hii ina nailoni, itampa mtoto joto, hii shingo yake ni ya kazu, imeshonwa kwa mkono, hii ni ya Kiomani, haina kola, ina kishada shingoni. Alikuwa akiuliza maswali ambayo wenye macho hawaulizi. Akishachagua, hulipa mwenyewe kwa simu yake, kwani simu za siku hizi zina programu ya kumsomea asiyeona kila kinachoandikwa kwenye kioo. Mambo haya yaliingia katika simu za kawaida tangu mwaka 2009, nami nilikuwa nikimwona akigusa kioo kwa kidole, simu ikisema, naye akisikiliza kama mtu asikilizaye redio ya chini chini.

Shaabani ya mwaka 1446, yaani Februari 2025, miguu yake ilikuwa imedhoofika, hakuweza safari. Akapiga simu dukani. Kijana wangu akamjibu kama nilivyomfunza: "Maalim, siku hizi agizo ni kwenye tovuti tu." Mimi sikuwapo, lakini kijana yule hakukosa, aliyekosa ni aliyetoa amri.

Maalim akajaribu mwenyewe, akashindwa. Basi akamwita kijana jirani, akampa simu, na kwa kuwa malipo yanataka namba ya siri, akampa na namba ya siri. Kijana akamwambia kanzu ni shilingi 30,000 moja. Maalim alitaka 12, akakubali. Kanzu zilipofika, mkewe akamsomea risiti iliyokuwa ndani ya mfuko: kanzu 12 kwa shilingi 25,000, jumla 300,000. Simuni mwake zilikuwa zimetoka 360,000. Zile 60,000 kijana alijitumia.

Usiku ule alinipigia. Hakugomba. Aliniuliza tu: "Ndugu yangu, nimedhulumiwa na nani?"

Nikapanda basi siku ya pili kwenda Bagamoyo nikiwa na 60,000 kwenye bahasha. Nilimkuta barazani, nikampa salamu, nikaomba radhi, nikamwekea bahasha mkononi. Akaipapasa, akajua ni nini, akanirudishia. Akasema fedha ile si yangu mimi kuilipa, yule kijana atailipa duniani au akhera. Kisha akasema neno ambalo sijalisahau. "Macho yangu yameondoka zamani, na nimezoea. Nanunua samaki mwenyewe, napanda basi mwenyewe, nalipa mwenyewe. Upofu nimeuona kwako."

Akatoa simu, akaiweka juu ya mkeka, akaifungua tovuti yangu ili nisikie anachokisikia yeye. Ndugu msomaji, laiti ungelikuwapo! Simu ilianza kusoma Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza, kama mgeni aliyeshuka melini jana, kwa kuwa mwanangu alisahau kuandika ndani ya ukurasa kwamba lugha yake ni Kiswahili. Ikafika kwenye picha, ikataja namba zisizo na maana, kwa sababu picha ziliwekwa na namba zilezile zilizopewa na kamera. Ikasema "kitufe", "kitufe", "kitufe", bila ya kueleza kitufe cha nini. Kwenye orodha ya bei ikanyamaza kimya: orodha tuliipiga picha kutoka daftari langu, na kwa mashine ile picha ya maandishi ni sawa na ukuta mtupu. Yule niliyemweka kitini na kumweleza kila uzi, nilimfanyia duka ambalo ndani yake hakuna neno hata moja la kumwambia.

Njiani kurudi nilimkumbuka Abdullah bin Ummi Maktum, radhi za Mungu zimfikie. Kisa chake tunakijua sote tangu chuoni: jinsi alivyokuja kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, akitaka kufundishwa, na Mtume alikuwa katika mazungumzo na wakubwa wa Kikureshi aliotaraji wasilimu, akamgeuzia uso, na jinsi yalivyoshuka maneno ya kumlaumu Mtume kwa ajili ya kipofu yule. Baadaye ndiye aliyekuwa mmoja wa waadhini wa Madina, na Mtume alipata kumwachia mji alipokuwa safarini. Kila tunapoisoma sura ile tunawalaumu wale wakubwa wa Kikureshi. Nilikaa ndani ya basi nikitafuta niko upande gani wa kisa kile, na sikulipenda jibu.

Nilipomwambia mwanangu, alinijibu kwa adabu lakini kwa hesabu: "Baba, wasioona wanaonunua kanzu kwetu ni wangapi? Hatumfanyii Maalim peke yake tovuti." Hesabu yake ilikuwa na kosa, na si yake peke yake, ni hesabu ya mitaa yote ya Kariakoo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kuwa watu milioni 1,300 duniani wana ulemavu mkubwa wa aina fulani, yaani karibu mmoja katika kila 6. Na sisi hapa hatuhitaji kwenda mbali: Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko iko katika Ilala yetu hii hii, watoto wasioona wamesoma humo pamoja na wanaoona miaka na miaka. Watoto wale wamekua, wamepata kazi, wana simu na wana fedha. Wananunua kwa nani?

Tena ulemavu wenyewe una milango mingi. Mwanangu alikuwa ameweka video ya kueleza namna ya kupima urefu wa kanzu, na maelezo yote yalikuwa ya sauti. Fundi wetu mmoja wa kushona ni kiziwi. Nilimwita atazame, akatazama mpaka mwisho, akainua mabega. Vile vidoti vya rangi kadhalika: wapo wanaume wasioweza kutenganisha nyekundu na kijani, na wengi wao hata hawajui, kwa hivyo alikuwa akibonyeza saizi iliyokwisha na kutulaumu. Ama yale maandishi ya kijivu, mimi mwenyewe, mwenye duka, nilikuwa siyaoni bila ya miwani, na nikitoka nje juani siyaoni hata nikiwa nayo. Nilikuwa nikinyamaza kwa kudhani ndio mtindo.

Nikajifunza kuwa elimu hii si mpya wala si siri. Tangu 1997 shirika linaloweka kanuni za mtandao ulimwenguni lina idara ya kushughulikia jambo hili, na mwaka 1999 lilitoa mwongozo wa kwanza, ambao umekuwa ukirekebishwa hadi toleo la Oktoba 2023. Mwongozo unasema hata maandishi ya kawaida yatofautiane kiasi gani na rangi iliyo nyuma yake: uwiano wa 4.5 kwa 1 usipungue. Nchi yetu iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2009, na ikatunga sheria yake mwaka 2010. Kule Marekani duka kubwa la Target lilishitakiwa mwaka 2006 na jumuiya ya wasioona kwa sababu ya tovuti yake, na mwaka 2008 likakubali kulipa dola milioni 6 kuimaliza kesi. Hayo ya kesi nayataja kwa kupita tu. Hakuna atakayekuja kunishitaki mimi na duka langu la futi chache. Lakini nilistaajabu kuwa jambo lenye miaka yote hiyo halikuwa limefika dukani kwangu, na kijana wangu amelisomea fani hiyo miaka mitatu.

Kazi tuliifanya usiku, baada ya Isha, kwa masiku tisa. Mengi yalikuwa mepesi mno. Kuuambia ukurasa kwamba wewe ni wa Kiswahili ni neno moja. Kuyakoza maandishi ni dakika chache. Kila kitufe kikapewa jina: "Weka kapuni", "Lipa", "Rudi nyuma". Kila kisanduku cha kujazia kikaandikwa wazi nini kinatakiwa humo. Saizi zikaandikwa kwa maneno, ipo au imekwisha, rangi zikabaki kama pambo. Video ikawekewa maandishi chini. Orodha ya bei nikamsomea mwanangu kutoka kwenye daftari, naye akaichapa neno kwa neno.

Kilichotushinda ni picha. Kila picha hutakiwa iwe na maneno ya kuieleza, yanayokaa nyuma yake bila kuonekana, ambayo mashine humsomea asiyeona. Mwanangu akaandika: "Kanzu nyeupe." Picha ya pili: "Kanzu nyeupe." Ya tatu hivyo hivyo. Nikamwambia, kanzu zote 9 hizi ni nyeupe, sasa Maalim atachaguaje? Akaniambia: "Baba, mimi sizijui tofauti zake." Na kweli hazijui. Amezaliwa katika nguo hizi, amesomeshwa kwa faida yake, wala hajui kuitambua shingo ya kazu. Basi nikamweka kitini pale nilipokuwa nikimweka Maalim, nikamwambia afumbe macho, nikampa kanzu ya kwanza mkononi, nikaanza kueleza. Yeye akiandika, mimi nikisema. Tulipofika kwenye kofia za viua, zile zinazotobolewa na kushonwa kwa mkono hata zikachukua wiki na wiki, tulikesha hadi saa saba, na birika la kahawa likaisha mara mbili. Sikumbuki siku nyingine niliyokaa na mwanangu muda mrefu namna ile.

Sasa wenzangu wafanyabiashara mtaniuliza faida. Sitawadanganya kuwa mauzo yameongezeka maradufu, hayakuongezeka hivyo. Lakini yapo niliyoyaona. Mashine za kutafutia, kama ile ya Google, hutegemea sana maneno, picha tupu haiziambii mengi. Tulipokuwa na picha tupu hakuna aliyetupata. Tulipoandika "kofia ya viua" na "kanzu ya kazu", mtu wa Muscat, asili yake Unguja, akatupata kwa maneno hayohayo na akaagiza, akanieleza kuwa alikuwa akiitafuta kanzu kama ya marehemu babu yake. Picha tulizipunguza uzito, na ukurasa sasa hufunguka hata kwa mwenye bando la mwisho wa mwezi. Wazee wenye miwani wanaagiza wenyewe bila kungoja mjukuu atoke shule. Na zile simu za kuuliza bei gani, saizi ipo haipo, zilizokuwa zikituchosha kutwa, zimepungua sana, kwa kuwa majibu yameandikwa.

Hapa niseme neno moja nje ya njia. Kumeingia mtindo katika biashara zetu wa kutia picha mtandaoni na kuandika bei "njoo inboksi". Na wenye kuandika bei, wengi huiandika ndani ya picha. Huyu wa pili anamficha asiyeona bila kukusudia, kama nilivyofanya mimi. Huyu wa kwanza anawaficha wote kwa kukusudia, ili apime mfuko wa mteja kabla ya kutaja. Sijui wenzangu mnalalaje. Kijana aliyemwambia Maalim 30,000 asingeweza kusema vile kama bei ingelikuwa inasomeka kwa sauti ndani ya simu ile ile.

Amri yangu ya kukataa simu niliifuta siku ileile niliporudi Bagamoyo. Kiziwi anataka ujumbe wa maandishi, asiyejua kusoma anataka sauti ya mtu, na mwingine anataka tovuti. Duka la baba yangu halikuwa na mlango wa aina moja ya miguu.

Tulipomaliza nilimpigia Maalim, nikamwomba aingie atuambie. Alikawia siku mbili. Siku ya tatu, saa tatu usiku, simu ya mwanangu ikalia: agizo, kofia 4, limelipwa, jina la Maalim. Hatukuwa tumesema neno, yeye mwenyewe akapiga.

"Shikamoo, Maalim," mwanangu akaitika.

"Marahaba, mwanangu. Nimeagiza peke yangu, mke wangu amelala. Lakini kuna kanzu moja mmeiandika kuwa ni nzuri sana. Nzuri kwa nani? Niambie kitambaa chake."

Mwanangu akacheka, akafungua kompyuta, akalifuta neno "nzuri" na kuniita nije na kanzu ile. Bahasha yenye 60,000 bado iko katika saraka ya meza yangu. Kila nikimkumbusha, Maalim huniambia niiache hapo hapo.